Ufukwe Usio na Bamvua

Mkimbiaji wa Tanga au Malindi akitaka kwenda mchangani huuliza kwanza mwezi una siku ngapi. Bamvua likijaa, njia yake imo majini. Maji yakipwa, anapata uwanja mpana na mgumu. Mpeleke mtu huyo Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita sabini na kitu kusini mwa Bujumbura, na hesabu zake zote hazimsaidii. Mwezi unalivuta ziwa hilo pia, ila kwa kiasi ambacho jicho halioni. Ukingo ulioukuta alfajiri ndio utakaouacha magharibi.

Kinachousogeza ni mvua. Maji hupanda msimu wote wa mvua hadi Aprili au Mei, kisha hushuka kiangazi kizima mpaka Oktoba au Novemba. Katika mwaka wa kawaida tofauti ya kimo haifiki mita moja. Usiidharau. Ufukwe unaoinama mita 1 kwa kila mita 20, maji yakishuka sentimita 80, unapata mita 16 za mchanga uliokuwa chini ya maji. Kwa hiyo anayetaka kukimbia ufukweni Rumonge na aje mwishoni mwa kiangazi. Anayekuja Mei ajiandae kukimbia kwenye vijia vya mashambani.

Juu ya mzunguko huo wa mwaka kuna mwingine, wa miongo. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Mwingereza Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliukuta umezibwa na majani na tope. Miaka michache baadaye ulifunguka, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Hata sasa sehemu kubwa ya maji haitoki kwa mto bali hupaa kwa jua. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, jua haliwezi kuyamaliza yaliyoingia, na kimo kinapanda mwaka hadi mwaka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1964, tena 2021, tena 2024, maji yalipoingia kwenye nyumba za watu pwani ya Burundi, Rumonge ikiwemo. Vijia vya ukingoni vilizama pamoja na nyumba hizo. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 za kando ya ziwa ziachwe bila majengo. Ingefuatwa, ukanda huo ungekuwa njia nzuri kuliko zote za kukimbilia katika Maziwa Makuu. Penye ukuta uliofika majini, mkimbiaji anarudi barabarani kupishana na malori.

Mchanga wenyewe una gharama. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walipima nguvu inayotumika na kukuta kwamba kukimbia kwenye mchanga laini kunahitaji nishati mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu. Sababu iko nyuma ya kifundo cha mguu. Kano ya kisigino hunyooka mguu unapotua, kisha hujikunja na kukurudishia sehemu ya nguvu uliyotumia. Mchanga ukititia, nguvu hiyo inaishia kusukuma chembe huku na huku, na misuli inalipa upya kila hatua. Kwa hiyo shika ule ukanda mwembamba uliolowa, ambapo maji yamezibana chembe. Tatizo lake ni mteremko: mguu wa upande wa ziwa unatua chini kuliko mwenzake, na kiuno ndicho kinachoumia. Rudi kwa njia ileile uliyoendea, miguu ibadilishane zamu.

Mchanga hauendi mbali. Mto kama Murembwe unapoingia ziwani, ufukwe unakatika na matete yanaanza. Mgeni wa kutoka pwani ya bahari atatafuta mikoko na harufu ya chumvi. Hatavipata, kwa kuwa maji haya ni matamu. Chumvi ya nchi hizi ilikuwa ikisafirishwa kutoka chemchemi za Uvinza, karibu na mto Malagarasi, na kuvuka ziwa kwa mitumbwi. Bwawa la matete lina hatari zake mbili. Ya kwanza ni kiboko, ambaye makao yake makubwa ni delta ya Rusizi huko kaskazini. Hutoka usiku kula nyasi na kurudi majini kunapopambazuka, saa ileile wakimbiaji wanapoamka. Ukikuta kijia kipana chenye mifereji miwili sambamba, hicho ni chake. Usisimame kati yake na maji. Ya pili ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji yaliyotulia, kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, na hupenya ngozi bila jeraha lolote. Kuosha miguu bwawani saa sita mchana baada ya mbio ni kosa baya kuliko kuvuka kijito alfajiri, ingawa hata alfajiri si salama kabisa.

Baada ya matete kuna michikichi, maana Rumonge ni mji wa mawese. Kivuli chake kizuri, lakini tazama chini: vikonyo vya makuti yaliyokatwa vina miba inayotoboa soli nyembamba. Kusini zaidi umebaki msitu wa Kigwena, kipande cha msitu wa tambarare ambao zamani ulikuwa mkubwa, na kwenye miinuko ya mashariki iko hifadhi ya Rumonge yenye miombo. Zote ni hifadhi, kwa hiyo ruhusa kwanza, na njia ni ya mtu mmoja mmoja, si ya kundi linaloimba.

Kundi linaloimba ndiyo spoti yenyewe ya Warundi, hasa Jumapili asubuhi, kwa kuwa Jumamosi kuna kazi za pamoja. Siasa nayo iliiona. Tarehe 8 Machi 2014 vijana wa chama cha upinzani cha MSD waliokuwa wakikimbia kwa kundi walipambana na polisi Bujumbura. 21 walihukumiwa kifungo cha maisha, na kukimbia kwa makundi mjini kukazuiwa isipokuwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Sijui nchi nyingine ambako jogingi imewahi kuogopwa kiasi hicho.

Asubuhi ni bora pia kwa sababu ya milima. Safu ya mashariki inalizuia jua, na kivuli chake hukaa ufukweni hata baada ya mapambazuko. Jioni jua linakuja usoni kutoka upande wa Kongo, hakuna pa kujificha. Milima hiyohiyo ndiyo iliyomtoa Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo, aliyeshinda mita 5,000 Atlanta mwaka 1996, michezo ya kwanza ya Olimpiki kwa Burundi. Rumonge iko karibu mita 780 tu juu ya usawa wa bahari, kimo kisichotosha kuongeza damu ya mwanariadha. Anayetaka hilo aiache pwani na kupanda barabara ya Bururi, zaidi ya mita 1,000 kwenda juu, na abebe maji ya kutosha.