Kasha la Bibi na Adui Zake

Katika nyumba nyingi za Lamu na Mombasa, kasha la bibi lingali chumbani. Ndani mna leso, kanzu, na pengine msahafu au utenzi ulioandikwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu. Siyu, kisiwani Pate, ilisifika katika karne ya 19 kwa misahafu kama hiyo.

Adui wa kwanza wa kasha ni unyevu. Kuta zetu za mawe na chokaa hufyonza maji ya ardhini, na masika huzidisha. Karatasi ikirowa huota ukungu, kisha huja mende na mchwa.

Basi tufanyeje? Kwanza, kasha lisiguse ukuta wala sakafu. Liinuliwe juu ya mawe, upepo upite na mchwa waonekane wakipanda. Pili, masika yakiisha, siku kavu yenye upepo, vitu vitolewe, vipanguswe vumbi kwa kitambaa kikavu, vianikwe kivulini, kwani jua kali hufifisha wino. Tatu, waraka ufungwe kwa kitambaa safi cha pamba, si kwa nailoni ibakishayo unyevu ndani. Udi na karafuu hunukiza nguo, lakini visitegemewe kuua mchwa.

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta hujengeka tena. Waraka wa babu ukishaliwa, aliyeuandika hayupo kuuandika upya. Ndugu msomaji, kasha lako ulilifungua lini mara ya mwisho?