Upendo, nyama na Tunduma ya 2013

Leo naomba tuongelee hili neno upendo. Hapa Tunduma makanisa ni mengi na kila Jumapili spika zinalipiga, ila ukimuuliza kijana linadai nini hasa anakujibu "mpende jirani yako", basi. Jirani yupi sasa?

Swali lenyewe la zamani. Kwenye Luka sura ya 10 mwanasheria alimuuliza Yesu hivyo hivyo, akapewa habari ya mtu aliyeshambuliwa na majambazi njia ya kushuka Yeriko. Kuhani kapita, Mlawi kapita, aliyesimama ni Msamaria. Kwa wasiojua, Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawaivi chungu kimoja. Na jamaa hakuishia kusema pole: alimfunga vidonda, akampandisha kwenye mnyama wake, akamlipia gesti dinari 2, yaani kama kibarua cha siku mbili.

Sasa turudi kwetu. Aprili 2013, wakati bado tuko Mkoa wa Mbeya (Songwe ilizaliwa 2016), Wakristo na Waislamu wa Tunduma waligombana kuhusu kuchinja. Mazoea ya nchi hii kwa miaka mingi ni kwamba nyama ya buchani inachinjwa na Muislamu ili kila mtu ale. Baadhi ya Wakristo wakasema na sisi tuna haki ya kuchinja. Miezi miwili nyuma, kule Buseresere, Geita, ugomvi huo huo ulishaua mchungaji. Hapa kwetu ikafikia vurugu mitaani na mabomu ya machozi. Kisa kitoweo jamani!

Kinachonishangaza ni kwamba kesi ya nyama imo ndani ya Biblia. Korintho ulikuwa mji wa biashara na wapita njia, kama huu wa kwetu. Nyama nyingine ya sokoni ilitokana na sadaka za miungu, waumini wakagawanyika: wengine wanakula, wengine roho inawasuta. Paulo kwenye Wakorintho wa Kwanza, sura ya 8 na ya 10, anasema cha sokoni nunua ule, usianze kuhoji. Halafu anageuka: kama kula kwangu kunamwangusha ndugu yangu, bora niache nyama moja kwa moja. Haki anayo, ila anaiweka pembeni kwa ajili ya mtu.

Najua kuna mtu atasema huyo ndugu ni Mkristo mwenzake. Sura ya 8 ni kweli. Ila mwisho wa sura ya 10 anataja Wayahudi na Wayunani pia, wote wasikwazwe.

Sisemi waliodai kuchinja walidai kitu cha ajabu, hapana. Uhuru wa dini uko kwenye katiba, ibara ya 19, na kumpenda mtu si kufunga mdomo. Ila mimi naona ukishabeba jiwe kwa ajili ya bucha, hata ukishinda hiyo haki, yule Msamaria umeshampita barabarani.

Na cha kuchekesha, kwenye harusi na misiba watu walishamaliza hili zamani. Familia ni ya Kikristo, kwaya inaimba, ng'ombe kafungwa nyuma ya nyumba. Anatumwa kijana kwenda kumwita mzee wa Kiislamu wa mtaani, anachinja, anapewa soda yake, jioni wote sahani moja.