Karatasi Ikatwe Kwanza, Kitambaa Baadaye

Kwetu Lubumbashi kiangazi huanza kwa baridi. Mwezi wa Juni na wa Julai watoto huamka wakitetemeka, na mama huwafunika kwa kila kitu kilichomo nyumbani. Lakini Septemba ikifika, na Oktoba mvua zikingali mbali, jua huwa kali, na nguo ya mikono mirefu huwa mzigo mwilini. Ndipo akina mama hufungua sanduku, hutoa kikwembe walichokiweka, na kuwaza blauzi nyepesi ya siku za joto.

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watano, aliwaza hivyo. Alikuwa na kikwembe cha yadi 2, zawadi ya mumewe kwa ajili ya kuzaliwa kwa mtoto wa mwisho. Alikuwa pia na karatasi ya kukatia, ile mafundi wetu waiitayo patroni, ya blauzi yenye kola na mikono mirefu. Akasema moyoni: "Nitaacha kola, nitaacha mikono, basi joto limekwisha." Akalaza karatasi juu ya kitambaa, akakata.

Mshono wake ulikuwa mzuri na ulionyoka. Lakini alipoivaa blauzi ile, kifua kilibanwa hata vifungo vikavutana. Na alipoinua mkono, tundu la mkono likafunuka, nguo ya ndani ikaonekana. Hakuweza kwenda nayo kanisani hata siku moja. Maji yakimwagika hayazoleki, na kitambaa kilichokatwa hakirudi kuwa kizima. Zawadi ile ikawa gauni la binti yake mdogo.

Wasomaji wetu wapenzi, kosa la mama huyu halikuwa uvivu wala ujinga. Alikosa kwa sababu aliitii karatasi kama bwana, na karatasi ni mtumishi tu. Tuangalie kwanza ilikotoka. Mwaka 1863, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, fundi Ebenezer Butterick alianza kuuza karatasi za kukatia nguo zenye vipimo mbalimbali, vidogo na vikubwa. Huko Ujerumani, Aenne Burda alianzisha gazeti la mitindo mwaka 1950, na mwaka 1952 akaanza kutia patroni ndani yake. Kazi yao iliwasaidia akina mama wengi ulimwenguni. Hata hivyo, aliyechora karatasi hizo hakukuona wewe. Alichora mwili wa kukadiria, ambao kifua, kiuno na mabega yake hulingana kwa hesabu. Mwili wa mama aliyezaa na kunyonyesha, aliyebeba maji na kulima, una hesabu yake mwenyewe. Hauna kosa, karatasi ndiyo ipasayo kuufuata.

Basi yafaa kuanza kwa utepe wa kupimia. Mama ampime mwenzake, kwa maana si rahisi mtu kujipima mgongo. Pimeni kifua mahali palipo panene zaidi, kisha kiuno, nyonga, upana wa mabega, na urefu kutoka shingo hadi kiunoni. Utepe usibane wala usilegee. Andikeni kila kipimo daftarini pamoja na tarehe, kwa sababu mwili hubadilika.

Kisha pimeni karatasi. Kipande cha mbele ni nusu ya mbele, na cha nyuma ni nusu ya nyuma. Jumlisheni upana wa vyote viwili, mkazidishe kwa mbili. Msihesabu nafasi ya mshono, wala sehemu ya mbele inayolaliana kwa ajili ya vifungo. Patroni nyingine zina nafasi ya mshono, nyingine hazina. Someni maelezo yake kabla ya yote. Tuseme kifua cha mama ni sentimita 96. Nguo ya joto yataka nafasi ya kupitisha hewa, tuseme sentimita 8, jumla 104. Ikiwa karatasi inatoa 100, zimepungua 4. Mwili una robo nne, mbele mbili na nyuma mbili. Kila robo iongezwe sentimita 1 ubavuni. Msiongeze katikati ya kifua, maana shingo nayo itapanuka. Nyonga zipimwe vivyo hivyo, blauzi isije ikakwama hapo.

Mabadiliko yote yafanywe juu ya nakala. Chukueni gazeti kuukuu au karatasi ya mfuko wa saruji iliyopanguswa vizuri, chorea patroni juu yake, na ile ya asili ihifadhiwe. Katika nakala hiyo tutageuza mambo matatu.

La kwanza ni tundu la mkono, ambalo lilimshinda jirani yetu. Tundu lililochorwa kwa ajili ya mkono wa nguo hushuka chini, ili mtu aweze kuinua mkono wake. Mkono wa nguo ukiondolewa, nafasi ile hubaki wazi. Kwa hiyo pandisheni mstari wa kwapani kwa sentimita 1 na nusu, na mstari wa bega upunguzwe sentimita 1 upande wa nje. Kisha chora upya mviringo kutoka bega hadi kwapa, laini, bila pembe. Mama asiyependa kuacha mabega wazi aache tundu kama lilivyo na kuufupisha mkono tu: uachwe sentimita 10 chini ya kwapa, na 3 za pindo. Joto litapungua vilevile.

La pili ni shingo. Kola ikiondolewa, shusheni shingo ya mbele sentimita 2, si zaidi kwa mara ya kwanza. Ni rahisi kupunguza karatasi tena, lakini shingo iliyopita kiasi haina dawa. Kama hamtaki vifungo, ondoeni sehemu inayolaliana, na mstari wa katikati ulazwe juu ya kunjo la kitambaa. Hapo yawapasa kupima kichwa. Kichwa kikiwa sentimita 58 na shingo ya nguo 50, nguo haitapita. Acheni mpasuko wa sentimita 10 nyuma, wenye kifungo kimoja.

La tatu ni ile mikunjo iliyoshonwa ili kuibana nguo, ambayo mafundi huiita pensi. Ya kiunoni msiishone, ili blauzi ianguke wazi na hewa ipite. Ya kifuani ibaki. Bila hiyo blauzi itainuka mbele na kuning'inia nyuma.

Baada ya hayo mkono wataka kushika mkasi. Ngojeni bado. Kateni kwanza kwa shuka kuukuu, shoneni kwa uzi wa mkono wenye hatua ndefu, na mama aivae. Ainue mikono kama atundikaye nguo kambani. Aketi. Ainame kama aokotaye mtoto. Kila palipovuta au kufunuka patiwe pini, kisha marekebisho yaandikwe katika nakala ya karatasi.

Sasa ndiyo zamu ya kikwembe. Kifueni na kukipiga pasi kabla ya kukata, maana pamba huweza kujikunja majini. Tazameni picha zake: ndege wasije wakaruka vichwa chini mgongoni. Mstari wa katikati wa karatasi ufuate ukingo wa kitambaa, usiende mshazari. Blauzi yenye urefu wa sentimita 65 hutaka vipande viwili vya sentimita 70 hivi. Katika yadi 2, ambazo ni sentimita 183, hubaki kitambaa cha kutosha kukata vipande vyembamba vya mshazari, vyenye upana wa sentimita 3, vya kuzungushia shingo na matundu ya mikono. Ubavuni acheni nafasi ya mshono ya sentimita 2, ili mwili ukiongezeka nguo ifunguliwe.

Miaka mingi iliyopita, wakati wa utawala wa Wabelgiji, akina mama wa miji yetu walifundishwa kushona katika nyumba zilizoitwa foyers sociaux. Wengi wao waliwafundisha binti zao, na ujuzi huo ungali unatembea kutoka mkono hadi mkono. Basi mkipima, mwiteni binti ashike utepe. Mkihesabu robo nne, mwachieni hesabu. Atajifunza pia kwamba mwili wake si wa kuonewa haya kwa sababu haulingani na namba ya karatasi.

Na jirani yetu? Alikaa mwaka mzima akiweka akiba kidogo kidogo, akanunua yadi 2 nyingine. Safari hii alikata magazeti mawili na shuka moja kabla ya kugusa kikwembe. Jumapili ya kwanza ya Oktoba alitoka nyumbani amevaa blauzi yake. Mumewe akamtazama, akauliza ni fundi gani wa mjini aliyeishona, na amelipwa kiasi gani.