Uchukue sasa au usubiri bei ishuke? Hesabu ya mitumba Igoma

Belo la mitumba likifunguliwa pale Igoma, bei haikai sehemu moja. Asubuhi shati zuri linaweza kutajwa buku kumi, mchana saba, na jioni muuzaji akitaka kufunga inakuwa "chagua, buku mbili". Shati umelipenda. Ulichukue au uzunguke kwanza?

Wachumi wanaona hapa kitu kinachofanana sana na mnada wa Kidachi. Katika mnada tuliouzoea bei inapanda mpaka abaki mtu mmoja. Huu ni kinyume chake: bei inaanza juu, inashuka, na wa kwanza kusema "nachukua" ndiye mshindi. Kule Aalsmeer, Uholanzi, maua yameuzwa hivyo kwa miaka mingi, yakiwemo mawaridi ya Kenya. Saa inashusha bei, na wa kwanza kubonyeza kitufe anaisimamisha.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kwako shati lina thamani ya shilingi 10,000 na bei ya sasa ni 7,000. Ukinunua, umepata nafuu ya 3,000. Ukisubiri ifike 5,000, nafuu ni 5,000, ila ukilikuta! Kwa hiyo kusubiri kunalipa pale tu uwezekano wa kulikuta unapozidi 3,000 kwa 5,000, yaani asilimia 60.

Ugumu ni kwamba huoni wenzako wamepanga kununua kwa bei gani. Bei inashuka kimya kimya mpaka mtu alichukue, na hapo umeshachelewa. Ndiyo maana mwaka 1961 William Vickrey alionyesha kwamba mnada huu kimahesabu ni sawa na zabuni ya bahasha iliyofungwa: unaamua bei yako bila kujua ya wengine. Washindani wakiongezeka, inabidi uamue mapema zaidi.

Muuzaji naye ana mtihani wake. Akipunguza kila siku saa kumi jioni, wateja watajifunza na kuja saa kumi. Ronald Coase aliliona tatizo hili mwaka 1972: mteja anayejua bei itashuka hana haraka. Kinachomwokoa muuzaji wa mitumba ni kwamba shati kama lile mara nyingi ni moja tu.

Basi kabla ya kuzunguka, jiulize mawili: yapo mangapi ya aina hii, na wangapi wanalitazama?