Funguo Zetu Zi Mikononi mwa Nani?

Majuzi nilikuwa Kitale pamoja na mpwa wangu, mzaliwa wa Bungoma anayefundisha huko, aliyetaka kuchapisha stakabadhi yake ya mshahara. Mhudumu wa duka la kompyuta hakumwuliza neno. Alifunua daftari kubwa, akapitisha kidole, akaisoma nywila yake. Walimu wapatao arobaini walikuwa wameorodheshwa humo.

Tulipotoka nje nilimkemea.

"Mjomba," akanijibu, "yule ninamfahamu. Hilo wingu mnalolisifu, nani analifahamu?"

Swali hilo, ndugu msomaji, halistahili kubezwa. Wingu ni istilahi yenye kupotosha, kwani haliko angani. Ni kompyuta za kampuni fulani ndani ya jumba fulani, na wezi hufika humo. Mnamo 2022 waliiingilia LastPass, kampuni ya kuhifadhi nywila, wakanakili makasha ya wateja. Nywila zenyewe zilikuwa zimesimbwa fiche, ila anwani za tovuti zilizohusika zilikuwa wazi.

Je, kusimba huko kulifaa? Kulimfaa mwenye ufunguo mkuu mgumu. Namba ya siri ya simu ina tarakimu nne, yaani michanganyiko 10,000 tu, lakini hutulinda kwa kuwa ukikosea mara chache mlango hufungwa. Kasha lililonakiliwa halina bawabu. Mwizi hubahatisha usiku na mchana, naye hatachoshwa na jina la mtoto pamoja na mwaka wake wa kuzaliwa. Methali nayo, wanaisimu wenzangu mnisamehe, haifai: imekwisha chapishwa vitabuni. Bali maneno matano yakitolewa kwa kura katika orodha ya maneno 1,000, michanganyiko yake ni 1 ikifuatwa na sifuri 15.

Kwa maoni yangu wingu lalishinda daftari la dukani, mradi nywila zisimbwe katika simu yako kabla ya kusafiri. Kasoro ipo: ukiusahau ufunguo mkuu, kampuni yenyewe huenda isiweze kukufungulia.

Jioni hiyo, tukiwa Bungoma, mpwa wangu alifumba macho akafungua kamusi mara tano. Kisha akaibadilisha nywila iliyokuwa daftarini. Karatasi yenye maneno hayo matano imo katika sanduku la mamake, chini ya hatimiliki ya shamba.