Amri kwa Hifadhidata: Sehemu ya Tatu

Wiki iliyopita tulifungua muunganisho kati ya programu na hifadhidata. Leo tunatuma swali. Katika ADO.NET, maktaba ya Microsoft iliyotoka na .NET mwaka 2002, kazi hiyo ni ya objekti ya amri. Kwa seva ya SQL Server huitwa SqlCommand. Hupewa maandishi ya SQL na muunganisho uliofunguliwa, kisha huendeshwa.

Namna ya kuiendesha hutegemea jibu unalolitaka. ExecuteReader hukusomea safu mojamoja, kwenda mbele tu. ExecuteScalar huleta thamani moja, kwa mfano jumla ya wateja. ExecuteNonQuery ni ya kuingiza, kubadilisha au kufuta, nayo hurudisha idadi ya safu zilizoguswa. Ukibadilisha anwani ya mteja ukarudishiwa sifuri, jua mteja huyo hakupatikana.

Lakini jambo linalonikera katika programu nyingi ni jinsi maandishi yenyewe yanavyoundwa. Wengi huchukua sentensi ya SQL wakaigandisha na neno lililoandikwa na mtumiaji:

"SELECT * FROM Wateja WHERE Jina = '" + jina + "'"

Andika humo jina Ng'ang'a. Kwa seva, ile alama iliyo baada ya Ng ndiyo mwisho wa jina. Yanayofuata haiyaelewi, na mteja halali anakataliwa kwa sababu ya jina alilopewa na wazazi wake. Mwenye nia mbaya naye ataandika ' OR '1'='1 na kumwagiwa jedwali zima. Hila hii imeelezwa hadharani tangu 1998, na bado inafaulu.

Dawa yake ni parameta. Andika WHERE Jina = @jina, halafu:

amri.Parameters.Add("@jina", SqlDbType.NVarChar, 60).Value = jina;

Sasa amri na thamani husafiri mbalimbali. Seva haiisomi thamani kama SQL, hata iwe na alama gani. Tena, ukitaja aina na urefu kama hapo juu, seva huweza kutumia upya mpango ilioutengeneza awali.

Parameta haiwezi kushika nafasi ya jina la jedwali wala la safu wima. Hayo yachague kutoka orodha uliyoiandika mwenyewe ndani ya programu.

Kabla hatujaingia kwenye miamala wiki ijayo, msomaji, pekua programu yako. Kila palipo na alama ya kujumlisha kati ya SQL na neno la mtumiaji, weka parameta.