Mabua ni ya Ng'ombe au ya Shamba?

Mtu wa Ukambani akisikia Mkisii analalamikia ukame, huenda akacheka. Milima ya Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Hata hivyo, pita Keroka au Nyansiongo mwezi Februari, utaona mboga za chinsaga na sukuma wiki zimelegea ilhali migomba ya shamba hilohilo imesimama imara.

Kosa si la udongo. Wataalamu kutoka Wageningen, Uholanzi, waliupima miaka ya 1970 na kuchapisha ripoti yao mwaka 1982. Udongo mwekundu wa miinuko una kina kirefu, na mfinyanzi wake hushikamana kuwa vibonge vidogo vyenye matundu, hivyo maji huzama upesi na kuhifadhiwa mizizi inakofika. Ule mweusi wa mabondeni ni kisa kingine: ukikauka hupasuka, na unyevu wa chini hutorokea kwenye nyufa.

Ardhi tupu iliyotoka kunyeshewa hupoteza maji karibu sawa na bwawa lililo wazi. Jua likivuta milimita 4 tu kwa siku, eka moja imepoteza zaidi ya lita 16,000. Baada ya siku chache tabaka la juu hukauka, na ukavu huo wenyewe huzuia maji ya chini yasipande kwa kasi. Hapo ndipo manyunyu ya alasiri ya Gusii yanapotuhadaa. Mvua ndogo hulowesha tabaka hilo tu, jua la kesho yake hulikausha tena, na mkulima anadhani shamba limekunywa. Ikija mvua kubwa, matone huponda vile vibonge, uso wa udongo huziba, na maji mekundu huteremka hadi mto Gucha na kuishia Ziwa Victoria.

Kifuniko hubadilisha hesabu hii, ila si kila kifuniko. Mmea hai hutia kivuli, lakini nao hunywa. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi, maarufu kwa kunywa maji mengi, iondolewe kwenye chemchemi na kingo za mito. Mabonde mengi ya Gusii bado yanayo, kwa sababu nguzo na kuni zina soko. Matandazo makavu hayanywi. Hukinga jua na upepo, huvunja nguvu ya matone, na yakioza huwalisha nyungunyungu wanaotoboa njia za maji.

Tatizo ni kuyapata. Kwenye vishamba vya eka moja au chini yake, mabua ya mahindi, ambayo yangekuwa matandazo, hugombaniwa na ng'ombe wa zizini na jiko. Matawi ya michai yaliyopogolewa, ambayo yangeachwa chini ya mistari, hubebwa kuwa kuni. Sioni haki kumlaumu mama anayeyabeba. Chakula hakipikwi kwa ushauri wa afisa wa kilimo.

Ningeanzia kwenye ua. Tithonia, ule mmea wa maua makubwa ya njano uliojaa kwenye nyua na kando ya barabara, ng'ombe hauchangamkii. Majani yake huoza haraka mno kuwa kifuniko cha msimu mzima, ingawa yanarutubisha. Yachanganywe na majani makavu ya migomba, na hayo machache yawekwe kwanza kwenye tuta la mboga, si kwenye mahindi.